Ala tupu za rock kwenye gitaa la kupakata: jibu kwa mpiga solo wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa la solo, niko Ngamiani, Tanga, napiga kwenye maharusi na mahotelini. Mjomba wangu baharia kanipa gitaa la kupakata la umeme, lile wanaloliita lap stili, lina nyuzi sita. Nataka kupigia zile ala tupu za rock, nyimbo zisizo na mwimbaji, nilizokua nikizisikia, kama Sleep Walk na Apache, na zenye kasi pia. Lakini nikipiga, nyuzi zote zinalia pamoja, noti zinaburuzana, na nikipanda freti za juu natoka nje ya sauti kabisa. Wenzangu wanasema chombo hiki ni cha nyimbo za Hawaii tu. Inawezekana kweli? Niitunie vipi, na nianze na wimbo gani?"

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na usilitundike ukutani kabla hujalipa haki yake.

Ila kuna jambo ambalo ukilikubali mapema utaokoa miezi ya kuhangaika. Mpiga solo anapojifunza ala tupu, mara nyingi hujifunza mahali pa vidole: hiki hapa, kile pale, ruka waya mmoja, rudi. Kwenye gitaa la kupakata vidole hivyo havina kazi. Unacho chuma kimoja kilichonyooka, kinachogusa nyuzi zote kwenye freti ileile (mstari wa noti shingoni) kwa wakati mmoja. Ukijaribu kunakili ulichokuwa ukifanya kwenye gitaa lako la zamani, utapata wimbo uliovunjikavunjika. Inabidi urudi kwenye melodi yenyewe, uiimbe kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho bila chombo, ujue wapi unavuta pumzi na wapi sauti inapanda. Hapo ndipo uushike wimbo upya kwa chuma. Nyimbo zinazoimbika zitakaa vizuri, tena nyingine zitapendeza kuliko zilivyo kwenye gitaa la kawaida. Zile ambazo uzuri wake ni wepesi wa vidole tu, waachie wenye vidole.

Hao wanaosema ni chombo cha Hawaii hawakukosea kuhusu asili yake. Upigaji huu ulianzia kisiwa cha Oahu, na sifa ya kuuanzisha hupewa kijana Joseph Kekuku, mwishoni mwa miaka ya 1880. Lakini hilo la "tu" halina msingi. Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio, lile la Rickenbacker la mwaka 1932 lililopewa jina la utani la kikaango kwa umbo lake, lilikuwa gitaa la kupakata. Kwa hiyo kila gitaa la umeme lililowahi kupiga rock lina ndugu mkubwa wa namna hii. Sleep Walk unayoitaja ilirekodiwa na ndugu wawili wa Brooklyn, Santo na Johnny Farina, ikashika namba moja Marekani mwaka 1959, na sauti inayoimba mle ndani ni ya gitaa la chuma, yaani linalopigwa kwa chuma kama hili lako, tangu mwanzo. David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, alifunga High Hopes ya mwaka 1994 kwa solo ya gitaa la kupakata. Na hapahapa Afrika, King Sunny Adé wa Nigeria aliliingiza gitaa la chuma lenye pedali kwenye bendi yake, watu wakacheza mpaka asubuhi.

Sasa tuingie kwenye tatizo lako, na nitalianza pale ulipolianza wewe, kwenye nyuzi kulia pamoja. Hapa ndipo wapiga gitaa wazuri wanapokata tamaa, kwa sababu kwenye gitaa la kawaida kidole kikiuachia uzi, unakufa wenyewe. Hapa uzi hauzimiki mpaka uuzime. Nusu ya ufundi wa chombo hiki ni kuzima, na unafanywa na mikono yote miwili.

Mkono wa kushoto: chuma kishikwe kati ya dole gumba na kidole cha kati, kidole cha shahada kikae juu yake kwa uzito mdogo. Kidole cha pete na cha mwisho visibaki hewani. Vilaze vimenyooka juu ya nyuzi, nyuma ya chuma, upande wa kichwa cha gitaa. Visikandamize, viguse tu. Kipande cha uzi kilichoko kati ya chuma na kichwa nacho hutoa sauti yake, nyembamba na chafu, na hiyo ndiyo sehemu ya kelele unayoisikia. Vidole hivyo viwili vikikaa vizuri, utashangaa jinsi gitaa linavyosafika papo hapo.

Mkono wa kulia una kazi ngumu zaidi. Ubavu wa kiganja ukae karibu na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa mkono wa kulia, tayari kushuka juu ya nyuzi kila noti inapomaliza muda wake. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu hapa Bagamoyo ni dogo na linachosha, lakini halina mbadala. Piga uzi wa kwanza kwenye freti ya 5. Uzime kwa kiganja. Peleka chuma freti ya 7 kukiwa kimya kabisa. Piga. Zima. Rudi freti ya 5 kimya. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na ufanye hivyo mpaka kusikike noti mbili safi zilizotenganishwa na ukimya, bila mburuzo hata kidogo katikati. Hapo ndipo utaelewa kwa nini noti zako zinaburuzana: unahamisha chuma uzi ukiwa bado unalia. Kuteleza kutoka noti hadi noti ni pambo la thamani sana kwenye chombo hiki, na likiwekwa kila mahali msikilizaji anachoka kabla wimbo haujafika katikati. Nakushauri, kwa wimbo wako wa kwanza, ruhusu mteremko mmoja tu kwa kila sentensi ya melodi, pale ambapo mwimbaji angevuta sauti. Kwingine kote zima, hama, piga.

Na kutoka nje ya sauti ukipanda juu? Hilo lina sababu ya kupimika. Kwanza, chuma kinakaa juu kabisa ya mstari wa freti, si nyuma yake kama kidole, na jicho lako liwe juu ya mstari huo wima. Ukilitazama gitaa kwa pembeni, kama tunavyozoea tukiwa tumelishika kifuani, mstari utauona si mahali pake. Pili, nafasi za freti hupungua kadiri unavyopanda. Magitaa mengi ya kupakata yana urefu wa uzi wa karibu sentimita 57 kutoka kichwani hadi darajani. Kwa urefu huo, freti ya kwanza iko sentimita 3.2 kutoka mwanzo wa uzi. Ukivuka freti ya 12, nafasi inayofuata ni sentimita 1.6 tu, na ukifika freti ya 19 nafasi ya kwenda ya 20 ni kama sentimita 1. Kwa hiyo chuma kikikosea milimita 2 kule chini, sikio la mtu wa kawaida halishtuki. Kosa lilelile la milimita 2 kule freti ya 19 ni karibu moja ya tano ya nusu toni (umbali wa freti moja hadi inayofuata), na hilo kila mtu ukumbini atalisikia. Mkono wako haujawa mbaya zaidi kule juu. Ni nafasi iliyobana.

Tiba yake ni kufanya mazoezi ukiwa na sauti ya kusimamia. Tia noti moja ndefu kwenye kinanda au kwenye simu, kisha utafute noti zako juu ya ile, polepole, ukisikiliza mpaka mtikisiko kati ya sauti mbili utulie. Macho yanakufikisha jirani. Masikio ndiyo yanayokuingiza ndani. Angalia pia chuma kisilale upande. Kikipinda kidogo, uzi wa kwanza utakuwa sahihi na wa sita utakuwa umepotea.

Kuhusu kutuni, watu watakushauri mambo kumi tofauti. Mimi nasema anza na D ya wazi, kwa sababu unaweza kuipata leo hii kwa nyuzi za kawaida, bila kuhatarisha waya hata mmoja. Shusha uzi wa sita kutoka E hadi D. Wa tano, A, uache. Wa nne, D, uache. Wa tatu ushushe kutoka G hadi F#, wa pili kutoka B hadi A, wa kwanza kutoka E hadi D. Ukipiga nyuzi zote bila chuma unapata kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ya D meja. Weka chuma freti ya 5, ni G. Freti ya 7, ni A. Freti ya 12, D tena, juu.

Utauliza, na kodi za maina, zile zenye sauti ya huzuni, je? Ujanja uko kwenye nyuzi mbili, wa tatu na wa pili. Kati yao kuna umbali wa toni moja na nusu, ndio umbali wa maina. Weka chuma mahali ambapo uzi wa tatu unatoa noti ya msingi ya kodi unayoitaka, kisha piga hizo mbili tu, na ule wa tano ukipenda. Kwa mfano, A maina iko freti ya 3: uzi wa tatu unatoa A, wa pili unatoa C, na wa tano unatoa C ya chini. Uzi wa kwanza, wa nne na wa sita usiziguse hapo, zitatoa F na kuharibu kila kitu. Unaona tena kwa nini nilianza na kuzima.

Sababu nyingine ya kuipenda D ya wazi ni distoshini, ile sauti nene ya mkwaruzo ya gitaa la umeme. Ala tupu za rock zinataka sauti iliyokolezwa, na sauti ikikolezwa, noti zilizo jirani zikilia pamoja hugombana. D ya wazi haina noti jirani. Kuna D, A na F# tu, kwa hiyo hata ukikoleza sana inabaki nene na safi. Shusha F# kidogo sana kwa sikio, mpaka kodi itulie, utasikia distoshini inavyokaa sawa. Ila ukipiga pamoja na kinanda usiishushe kupita kiasi, maana kinanda hakitakufuata. Na usikoleze zaidi ya unavyohitaji. Naona vijana wengi wanamaliza kitufe chote, halafu kila kosa la mkono wa kulia linatangazwa kwa spika.

Lakini Sleep Walk si wimbo wa D ya wazi. Nikuonyeshe kwa nini. Mzunguko wake wa kodi ni C, A maina, F maina, G. Ukiuhamishia D ili utumie nyuzi wazi, unakuwa D, B maina, G maina, A, na chuma chako kitatoka freti ya 12, kishuke ya 5, kiruke ya 13, kirudi ya 7. Huko ni kukimbizana, na wimbo wenyewe ni wa usingizi. Sasa chukua tuni ya C6, ambayo kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni C, E, G, A, C, E. Nyuzi tatu za juu ni A, C, E, yaani A maina kamili, na hapohapo C, E na G zinakupa C meja. Kwa hiyo C iko freti ya 12, A maina iko freti ya 12 ileile kwa nyuzi tofauti, F maina ni nyuzi tatu za juu freti ya 8, na G ni freti ya 7. Kumi na mbili, kumi na mbili, nane, saba. Mkono unashuka taratibu kama melodi yenyewe inavyoshuka.

Tatizo la C6 ni nyuzi. Seti ya kawaida haikubali, na seti maalumu sidhani utaipata madukani. Nunua seti mbili za kawaida uzipange hivi: uzi wa A uweke nafasi ya sita uupandishe hadi C, uzi wa D nafasi ya tano uupandishe hadi E, uzi wa G nafasi ya nne uuache G, uzi wa G wa seti ya pili nafasi ya tatu uupandishe hadi A, uzi wa B nafasi ya pili uupandishe hadi C, na uzi wa kwanza wa E unabaki kama ulivyo. Kwa sentimita 57 mvutano wake unavumilika. Kama gitaa lako ni la kawaida lililoinuliwa nyuzi, lenye urefu wa sentimita 65 hivi, usifanye hivyo. Ule uzi wa sita utavutwa mno na shingo inaweza kupinda.

Apache iache iwe wimbo wako wa pili. The Shadows, bendi ya Uingereza, waliirekodi mwaka 1960, mtunzi akiwa Jerry Lordan, na Hank Marvin, mpiga solo wao, aliipiga kwa noti moja moja, mwangwi umejaa, mkono ukibonyeza ile fimbo ya kutikisa daraja mwisho wa noti ndefu. Kile alichokifanya kwa fimbo wewe unakifanya kwa chuma bila kuongeza kifaa chochote. Tikisa chuma mbele na nyuma ya mstari wa freti, pande zote mbili sawasawa, ili katikati ya mtikiso ibaki noti sahihi. Kwenye gitaa la kawaida, tikisiko la kidole hupandisha sauti tu. Mazoea hayo ukiyaleta hapa utakuwa juu ya sauti wimbo mzima. Kule juu punguza upana, kwa sababu ya zile milimita. Na usianze kutikisa mara tu unapopiga. Acha noti isimame kwanza, halafu itikise, kama wafanyavyo waimbaji wazuri.

Umeuliza za kasi, na hapa nina habari ambayo naamini itakufurahisha kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga. Chukua Misirlou, wimbo wa zamani wa nchi za mashariki ya Mediterania, ambao Dick Dale, mpiga gitaa wa Marekani, aliugeuza kuwa rock ya kasi kali mwaka 1962. Watu huuogopa kwa sababu ya kasi, lakini kasi yake iko kwenye mkono wa kulia. Melodi inatambaa juu ya uzi mmoja. Uzi mmoja ndio nyumbani kwa gitaa la kupakata. Rudi kwenye D ya wazi, tumia uzi wa kwanza peke yake, na ngazi yake, yaani mpangilio wa noti zake, ni freti hizi (0 ni uzi wazi): 0, 1, 4, 5, 7, 8, 11, 12. Zipige polepole, usikilize. Huo mruko kati ya 1 na 4 unaufahamu tangu utotoni. Ndio hijazi, ladha iliyojaa kwenye taarab. Mji wako ndio uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na Black Star walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab. Mji huohuo ulikuwa na bendi za dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Masikio yako yamelelewa na vyote viwili, hijazi na gitaa la umeme, na mpiga rock wa mbali anayejifunza wimbo huu hana mtaji huo.

Tena tazama bahati ya tuni yenyewe. F# iliyoko kwenye D ya wazi ndiyo noti ileile ya freti ya 4 katika ngazi hii, kwa hiyo unaweza kuziacha nyuzi za chini zivume wazi chini ya melodi bila kugombana nayo. Shika piki ya kawaida, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi, kwa wimbo huu, upige chini na juu bila kusimama, kwa kifundo cha mkono kilicholegea, na chuma kitembee kwa mashaka kidogo kati ya 0 na 1, kisha kwa uhakika kati ya 1 na 4. Noti ya freti ya 1 unaweza kuipandisha kwa kiasi cha unywele, kama mpiga fidla wa taarab anavyofanya. Freti za gitaa la kawaida hazikuruhusu hilo. Wazee wakikusikia watageuka.

Zile ala tupu za kugonga nyuzi kwa mikono miwili, au za kukimbia kwenye nyuzi sita kwa noti nyingi kila kipigo, ziache. Utazipata nusu nusu na hutaziheshimu.

Kama mjomba hakukupa chuma kizuri, nenda kwa fundi wa vyuma akukatie kipande cha stenlesi kisicho na uwazi ndani, kipenyo milimita 19, urefu sentimita 8. Kitakuwa na uzito wa kama gramu 180, na uzito huo ndio unaorefusha sauti. Kipande cha bomba ni chepesi na sauti yake hufa mapema. Akisugue kwa msasa laini mpaka king'ae kama kioo, na ncha moja aiviringe. Chumvi ya hewa yetu ya pwani inakula nyuzi haraka, na uzi wenye kutu unakwaruza chini ya chuma, kwa hiyo futa nyuzi na chuma kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Siku utakapolipeleka harusini, zungumza na wenzako kabla. Wa kinanda ashike kodi ndefu chini yako na asiifuate melodi, kwa sababu noti zake zimesimama na zako zinatembea, mkiwa mahali pamoja mtasikika wote wawili mmekosea. Wa besi usimpunguzie kitu. Mwangwi wa spika yako uwe wa wastani, urudi mara mbili au tatu kisha upotee, na sauti yako iwe juu kidogo ya ulivyozoea kwenye solo, maana chombo hiki kikipigwa kwa woga hakivuki meza ya kwanza.